Bairbre Ní Chadhain: Majirani walivyomrudishia maneno

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa na miamba ya An Cheathrú Rua, kijiji cha pwani ya magharibi ya Ayalandi, imefunikwa na mwani mweusi unaoteleza. Bairbre Ní Chadhain anashuka taratibu, mkono mmoja ukishika maikrofoni, mwingine ukishika bega la mumewe. Upepo unampiga usoni. Amevaa viatu vya mpira na sweta lililochakaa viwikoni.

Chini yake, Cóilín Ó Clochartaigh anakata mwani kwa mundu. Hainui kichwa.

"Leo umekuja kuniuliza nini tena, mama wee? Kama ni umri wangu, mimi kijana."

"Kijana wa… wa…" Bairbre anasimama. Neno limemkwama. Mumewe anatazama baharini. Cóilín anaendelea kukata mwani wake. "Wa zamani," anamalizia Bairbre, na wote watatu wanacheka.

Mazungumzo hayo yatasikika wiki hii kwenye kipindi chake cha redio ya Kiayalandi. Bairbre, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ameifanya kazi hii ya kuwasikiliza watu wa pwani ya Conamara na kuwaandika kwa lugha yao tangu alipokuwa msichana. Amechapisha vitabu vitatu. Miaka minne iliyopita hakuwa na uwezo wa kutamka hata jina lake.

Alizaliwa Leitir Móir, na huko hadi leo wanamwita Bairbre Mhaidhc Tom, yaani Bairbre wa Maidhc wa Tom, kwa jina la baba na la babu. Baba yake alikwenda Uingereza kila mwaka kuvuna viazi, akarudi majira ya baridi na nguo mpya za watoto na hadithi nyingi. Nyumbani hapakuwa na vitabu ila cha sala. Palikuwa na watu. Walikuja jioni wakakaa karibu na moto wa mboji, udongo mkavu wa kinamasi unaowaka kama kuni, wakabishana mpaka majivu yakapoa.

"Nililala chini ya meza nikiwasikiliza," anasema. "Hakuna aliyenifukuza. Ile ndiyo shule iliyonifaa."

Alipomaliza masomo alipata kazi ya kupiga chapa katika gazeti dogo la kila wiki la Kiayalandi mjini Galway. Mshahara ulitosha chumba na chai. Siku moja mwandishi aliugua, mhariri akamtuma Bairbre akazungumze na mama mmoja aliyekuwa akifuma nyavu. Alirudi na kurasa kumi na moja. Mhariri alizisoma akiwa amesimama, akaketi, akazisoma tena.

"Aliniambia, 'Mashine ya chapa tutaitafutia mtu mwingine.' Namshukuru mpaka leo. Angeweza kunisifu tu, akanirudisha kwenye kiti changu."

Gazeti lilipofungwa alihamia redioni. Vitabu aliviandika asubuhi mapema, kabla ya mumewe, Antaine Seoighe, kutoka kwenda kuendesha basi la shule. Kitabu kilichompa jina ni kile cha wanawake wa Conamara waliokwenda kuuguza wagonjwa katika miji ya Uingereza. Aliwafuata mmoja mmoja, wengi wao wakiwa vikongwe, akaandika walivyosema bila kuwasahihisha.

Lakini mwandishi anayeishi miongoni mwa watu anaowaandika haepuki ugomvi. Cóilín alikuwa mwenyekiti wa kamati ya gati la An Cheathrú Rua, anakoishi Bairbre. Gati lilipopasuka majira ya baridi ya kwanza tu baada ya kukarabatiwa, Bairbre alitangaza redioni kwamba saruji ilimwagwa kwa haraka na kamati haikukagua. Ilikuwa kweli. Cóilín hakumsalimia kwa miaka sita. Walikuwa wakikaa viti vinavyofuatana kanisani, na padri aliposema watu wapeane amani, Cóilín alimpa amani mtu wa upande wa pili.

"Iliniuma," anakiri Bairbre. "Habari ningeitangaza tena. Lakini iliniuma."

Kisha ikaja asubuhi ile ya Machi. Antaine alikuwa akitafuta funguo za basi aliposikia birika likipiga filimbi bila kuondolewa jikoni. Alimkuta mkewe amesimama, mkono wa kulia umelegea, akimtazama kama mtu anayetaka kuomba msaada lakini hajui aanzie wapi. Kilikuwa kiharusi.

Hospitalini Galway walimwokoa. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu. Maneno hayakurudi.

"Nilielewa yote," anasimulia, akipumzika kila baada ya sentensi. "Walisema 'chai,' nikaiona chai. Kwenda kulichukua lile neno ndani ya kichwa, nakuta mlango umefungwa. Nililia kila siku. Nilifikiri, sasa mimi ni nani?"

Mtaalamu wa tiba ya usemi, msichana aitwaye Orla, alimwonyesha picha: kijiko, mbwa, kiti. Alimuuliza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha aliyosomea kazi yake. Bairbre anajua Kiingereza vizuri, lakini hakukua nacho. Alizitazama picha zile kama za mtu mwingine.

Orla ndiye aliyeliona hilo kwanza. Alimwita Antaine kando.

"Kiayalandi changu ni cha shuleni tu," alimwambia. "Nyinyi mnacho. Mpeleke nyumbani, waje watu wazungumze naye kama walivyozoea. Msimmalizie maneno. Na msimwonee huruma, tafadhali."

Antaine alilitangaza hilo mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Kesho yake watu walianza kuja. Nóirín, jirani mwenye miaka themanini na ushei, alileta mkate wa magadi na umbea wa parokia nzima. "Usinijibu, mwanangu," alisema, "nina mengi, utanikatisha." Wengine walileta samaki, wengine walikuja mikono mitupu wakakaa karibu na moto. Walizungumza habari za kondoo, mvua, na harusi ya binti wa fulani. Bairbre aliwatazama midomo. Wiki zikapita. Hakuna neno.

Ndipo alipotokea Cóilín. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakutaka kiti.

"Nasikia umeishiwa maneno," alisema. "Ungeishiwa miaka sita iliyopita, ningekuchinjia kondoo."

Antaine alitaka kumtoa nje. Nóirín akamshika mkono wa sweta.

"Na nikwambie kitu," Cóilín akaendelea, sasa akimnyooshea kidole. "Lile gati lilijengwa sawasawa. Saruji safi kabisa! Niliikagua mwenyewe, kila ndoo. Mbovu ni bahari."

Bairbre aliinuka nusu kwenye kiti. Uso ulimwiva.

"Mwongo!" alisema.

Cóilín alimsogelea hatua moja.

"Hebu rudia."

"Mwongo! Mwongo… mkubwa!"

Antaine anasema hajawahi kusikia tusi tamu kama lile. Nóirín alijipiga ishara ya msalaba. Cóilín aliketi bila kukaribishwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia.

"Basi nitakuja kesho," alisema. "Nina uongo mwingine."

Akaja. Akaja karibu kila siku, na kila siku alikuwa na uongo mpya: kwamba ameona nyangumi mtoni, kwamba padri anaoa, kwamba An Cheathrú Rua ina watu wazuri kuliko Leitir Móir. Bairbre alimkanusha kwa neno moja, kisha mawili, kisha kwa sentensi. Maneno ya utotoni yalitangulia, ya kazini yakafuata nyuma. Habari ya gati hawajaimaliza mpaka leo.

"Sijui kama alikuja kunisamehe au kunichokoza," anasema Bairbre. "Sikumuuliza. Alikuja, basi."

Redio ilimpa kazi ya kupanga kanda za zamani. Alishukuru, akaomba kipindi. Mwaka jana alirudi hewani moja kwa moja kwa mara ya kwanza, na katikati ya swali akakwama. Kimya kilikuwa kirefu hata fundi mitambo akanyoosha mkono kuweka muziki. Bairbre alimkatalia kwa kichwa. Neno likaja. Baadaye simu ililia. Bibi mmoja wa visiwani alitaka kumwambia kwamba hakuzima redio.

Sasa yeye na Orla wana mpango. Bairbre ana rekodi za miaka mingi, sauti za watu wa pwani wakizungumza mambo ya kawaida. Wanazichambua ili wagonjwa wa Conamara waliopoteza usemi wapate tiba kwa lugha waliyolelewa nayo. Orla ameanza kujifunza upya Kiayalandi, na Bairbre humsahihisha bila huruma.

Jumatatu ijayo atakwenda hospitalini Galway. Wodini kuna mzee mmoja wa Carna, mchungaji wa kondoo, ambaye hajatamka kitu tangu apate kiharusi mwezi uliopita. Bairbre hamjui.

"Nimeulizia kwao," anasema, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wanasema anajivunia sana mbwa wake. Basi nitakaa karibu naye, nitamwamkia vizuri, halafu nitamwambia mbwa wa Carna hawajui kuchunga."