Mwezi wa Kutoitikiwa

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, hadi leo najikuta nimesimama wima. Nyumba yetu ya Lushoto ilinukia nta hiyo pamoja na moshi wa mkalitusi uliowashwa sebuleni tangu asubuhi, maana Juni kule ukungu unaingia mpaka ndani ukiacha dirisha wazi. Ilikuwa nyumba kubwa ya mawe, ya zamani, juu ya mji, na baba alikuwa mtu mkubwa: malori, mashamba, wageni wa kutoka Dar waliokuja kufuata baridi. Watu wakiona gari letu na viatu vyangu walidhani nina raha. Nimeshajaza kaunta buku nne za riwaya kuhusu mtoto wa nyumba kama ile, anayeteswa bila kupigwa hata kofi, na jinsi anavyopona. Katika zote nne nimeruka likizo moja. Nimechoka kuiruka. Naiandika.

Nilikuwa na miaka tisa. Mgeni mmoja mezani aliniuliza kama sisikii baridi, nikamjibu kwa Kishambaa, lugha niliyoiokota jikoni kwa mpishi wetu, Mama Elieshi wa Rangwi. Wageni wakacheka, baba akacheka nao. Nyumbani kwetu Kishambaa kilikuwa marufuku, ingawa yeye mwenyewe ndicho alicholelewa nacho. Kesho yake nikamwamkia kama kawaida, mikono nyuma: "Shikamoo, baba." Kimya. Kwetu mtoto hakai mezani mpaka shikamoo yake iitikiwe, kwa hiyo nikabaki nimesimama. Akanywa chai, akasoma gazeti, akaondoka. Mama alikuwa anapaka siagi mkate uleule, upande uleule. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakunifokea hata siku moja. Nilianza kujitazama kwenye kioo kuhakikisha kama bado nipo. Baba akishatoka, Mama Elieshi ndiye aliyenilisha viazi jikoni. "Kula, wewe mnara wa simu," alikuwa ananitania, "kazi yako kusimama tu!"

Kati ya jikoni na chumba cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo. Asubuhi moja nikaamkia, na kutoka pale kwenye kidirisha ikaja sauti ya chini: "Marahaba, mwanangu." Miguu ilikuwa imechoka. Nikavuta kiti, nikakaa. Baba akashusha gazeti.

"Nani kakwambia ukae?"

"Nimeitikiwa."

"Na nani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kudanganya kwamba nimesahau. Nikanyoosha kidole kwenye kidirisha. Baba akatabasamu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza mwezi mzima. "Marahaba, binti yangu. Kula." Nikala mayai mawili, na niliona raha, siwezi kusema vingine. Kabla ya chai ya saa nne Mama Elieshi alikuwa getini na mfuko wake, na mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti kile.

Sasa nina miaka ishirini na tatu, nimepanga chumba Mombo, kwenye joto, na baba tumeachana naye. Siku zote nimejiona mimi ndiye niliyeumizwa, na kweli niliumizwa. Lakini mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda gari kwenda Rangwi. Nilimkuta Mama Elieshi uani anabambua maharage. "Hee, mtoto wa Mzee! Mbona umekonda hivyo, huko Mombo hawapiki?" Nikakaa kwenye gunia, nikamwambia habari ya kidole na ya zile kaunta buku zangu nne, nikaanza kulia. Mikono yake haikusimama.

"Nilikuona," akasema. "Si nilikuwa palepale dirishani? Ila usije ukaniandika kama malaika. Sikukuitikia kwa huruma peke yake. Baba yako nilikuwa nimemchoka, nilitaka nimkere."

Binti yake, Elieshi, akaingia na mzigo wa kabichi kichwani. Amenizidi miaka mitatu. Mama yake akamweleza kilichonileta. Akatua mzigo, akajifuta jasho, wala hakukasirika.

"Mwaka ule mama aliporudi ndio nikaacha shule. Darasa la sita," akasema. "Kwenye hivyo vitabu vyako, mimi nimo?"

"Hapana, dada."

"Na ni vinne?"

"Vinne."

"Basi karatasi ulikuwa nazo, mdogo wangu," akasema, akaingia ndani kuchukua maji.

Mimi nilifika kidato cha sita. Baba alininyima neno moja kwa mwezi mmoja, nikaliandikia kurasa zote zile. Elieshi alinyimwa shule kwa kidole changu, na hakuwa na hata mstari. Nilitaka kumfuata ndani nimwahidi kitu. Nikabaki uani nabambua maharage na mama yake mpaka saa ya gari la kushuka, na hakuna aliyeniambia inatosha.