Pasi ya Mbele, Siku Mto Ulipokuja

Jumamosi nilipanda kilima na fimbo yangu kwenda kumwona mjukuu wangu akicheza mpira. Nasema bila aibu, hapa Kilungu hakuna msichana anayeumiliki mpira kama yeye. Ukiwa mguuni mwake, sahau. Anacheza pale katikati, ndiye anayewagawia wengine, na ile jezi yake niliifua mimi kwa mikono hii. Nikaketi kwenye jiwe kando ya uwanja, nikafungua chupa yangu ya chai, nikangoja wamsifu.

Hawakumsifu. Nyuma yangu walisimama vijana wawili wa bodaboda na mzee mmoja mwenye duka la mbolea, na kazi yao muda wote ilikuwa kumjadili. Kijana mmoja alisema huyo msichana ndiye breki ya timu, mbele ana washambuliaji wenye mbio lakini kila mpira anaurudisha nyuma ama anausukuma kando. Mwenzake akasema gari limeingizwa rivasi na gia ikakwama hapo. Mwenye duka akamtetea, kwamba angalau hapotezi mpira, na timu isiyopoteza mpira haifungwi ovyo.

"Na isiyopiga mbele itafunga saa ngapi, mzee wangu?" akaulizwa, wakacheka.

Mchezo uliisha bila bao. Njiani kurudi, mtoto akaniuliza macho yakiwa chini, "Susu, ni kweli ninawaharibia wenzangu?" Susu ndiyo nyanya kwetu Ukambani. Kocha alikuwa amemwambia kwamba akicheza vile tena atakaa nje. Mimi huwa na jibu la kila kitu, waulize majirani. Siku hiyo nilimpa tu chupa ya chai anibebee. Si yeye niliyekuwa nikimwona. Nilikuwa nikimwona dada yangu, amekanyaga mpira, anaangalia vilima.

Huku Makueni nimeolewa tu. Nilizaliwa chini kule Ikutha, upande wa Kitui, ambako jua likikaa linakaa kweli. Mto wetu haukuwa mto vile watu wa milimani wanavyofikiri. Karibu mwaka mzima ulikuwa mchanga, mweupe, mpana, laini kama unga uliochekechwa, na maji yamejificha chini. Ukitaka maji unachimba kwa kibuyu kilichokatwa, unaingia mpaka kiunoni, halafu unangoja. Yanatoka polepole, kama jasho. Kisima kinazungushiwa miiba ili ng'ombe wasikivuruge. Wa kwanza kuteka anapata maji safi na anafika nyumbani mapema. Wa mwisho anakwangua tope, na jua limeshageuka.

Na huo mchanga ndio ulikuwa uwanja wetu. Kwingine kote ni miiba na mawe, lakini mtoni unaweza kuanguka ukainuka unacheka. Mpira tuliushona kwa matambara, juu tukauzungushia uzi wa katani tuliouchomoa kwenye vyondo, vile vikapu vya susu yetu, na alitupiga kwa hiyo. Timu zilikuwa mbili, sisi wa ukingo huu na watoto wa ng'ambo. Lango letu, mawe mawili tu, lilikuwa kwenye ukingo wetu, lao kwenye wao. Kwa hivyo kushambulia kulikuwa kuuvuka mto na kuacha nyumbani nyuma. Na tulichochezea hakikuwa mchezo. Watakaoshinda ndio watakaoteka maji kwanza.

Sasa sikiliza kitu ambacho mtoto wa leo hajui. Mto wa mchanga haujazi, unakuja. Mvua inanyesha mbali huko vilimani, kwenu hakuna hata tone, jua linawaka, halafu unaona maji yamesimama yanakuja yakitembea. Hii hutokea mwisho wa kiangazi, wakati uleule ambao kiu imewazidi na watu wote wamo mtoni. Ndiyo maana kila kikundi cha watoto kilikuwa na mmoja aliyepewa mto. Anapewa na wakubwa. Anaangalia vilima, ananusa upepo, anasikiliza, na akisema tokeni, mnatoka. Kwetu alikuwa dada yangu, kifungua mimba wa mama. Susu alimshika sikio mbele yetu sote akamwambia, "Hawa wakipungua, ni wewe nitakuuliza." Alikuwa msichana mdogo tu, matiti hayajaota.

Ubaya ni kwamba huyohuyo ndiye aliyejua mpira kutushinda sote. Alikuwa pale katikati, anagawa. Angeweza kukurushia mpira ukatua mbele ya kidole chako. Lakini hakurusha mbele. Alitugawia huku kwetu, karibu na ukingo, nyuma, kando, nyuma tena. Akituona tumevuka katikati anatuita. Wale wa ng'ambo hawakuwa na mtu wa namna hiyo, wao walikuja wote kama nzige. Hatukufungwa mengi, nisimwonee. Lakini hatukufunga, na bao moja lao lilitosha.

Kwa hivyo tuliteka mwisho, siku baada ya siku. Tulikaa nje ya ile miiba tukitazama wasichana wa ng'ambo wakijaza vibuyu, wakiimba makusudi ili tusikie. Tulifika nyumbani na maji mekundu. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, haukuwa umewekwa motoni, mtoto mdogo analia, mama anauliza kama tulikuwa tunazaa huko mtoni. Na tukiwa tumekaa hapo tunangoja, mjadala ulikuwa mmoja. Binti ya jirani, mdomo kama tarumbeta, alisema dada yangu anacheza kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Wengine wakasema bila yeye tungefungwa mpaka mpira uchoke. Ati tumtoe katikati. Ati tukimtoa nani atashika mpira. Yeye yupo hapohapo, anasikia yote, anachora mchanga kwa kidole.

Mimi ndiye niliyeumia kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mbio. Waulize watu wa rika langu, kama wamebaki. Mbuzi akikata kamba, aliyeitwa kumkimbiza ni mimi. Nilikuwa nasimama mbele peke yangu, nimeinua mkono, na mpira hauji. Siku moja nikamwambia dada ananinyima. Akanijibu bila hasira, "Mbio zako za kwenda nimeziona. Za kurudi sijaziona."

Siku yenyewe vilima vilikuwa vyeusi kama sehemu ya sufuria inayokaa motoni. Dada alisema hatuchezi, tungoje maji tu. Lakini vilima vilikuwa vimekuwa vyeusi hivyo wiki nzima na mto haukuja, na ng'ambo walikuwa wameshaanza kutuita, wakiuliza kama mama wa mayai ametufungia kwenye banda la kuku. Binti ya jirani akaingia mchangani kwanza. Tukamfuata. Dada akaja nyuma yetu, maana angefanya nini, akae juu huku watoto aliopewa wako chini?

Tulicheza kwa muda. Joto lilikuwa la kukaba, hakuna jani linalotikisika, na ndege walikuwa wamenyamaza. Hilo nalikumbuka sasa. Wakati ule nilikumbuka tu kwamba wale wa ng'ambo walikuwa wamekuja wote upande wetu, na huko kwao hakuna mtu isipokuwa msichana mmoja wa kudaka. Nikavuka katikati. Nikaita, "Dada, mbele." Alikuwa na mpira chini ya unyayo. Akaangalia vilima. Akaniangalia mimi. Nikaita tena, na sauti yangu ilikuwa na kilio ndani. Bado naiona ile sura. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa mtoto aliyechoka kuitwa mwoga.

Akaupiga. Ulikuja juu, ukazunguka, ukatua mbele yangu kabisa. Nilikimbia kama sina mifupa. Yule mdakaji alinirukia miguuni, nikampita, nikaupeleka kati ya yale mawe mawili.

Nikageuka nisikie wakishangilia. Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanakimbia, wetu na wao pamoja, kuelekea ukingo wetu. Ndipo nikausikia. Ulikuwa kama lori kubwa linalopanda mlima, ila ardhi yenyewe ndiyo lori. Halafu harufu, mavi ya ng'ombe na udongo mpya. Kilichotangulia hakikuwa maji. Lilitangulia povu, na vijiti, na majani makavu yakijiviringa, na nyuma yake kitu cha kahawia kimesimama, kimebeba mti mzima na mizizi yake.

Miguu yangu ilianza kurudi. Nyumbani kulikuwa kule, mama alikuwa kule, na mtoto akiogopa anakimbilia kwao. Katikati ya mto, peke yake, dada alikuwa amesimama. Hakukimbia. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili ananisukuma kwa mbali, kama mtu anavyofukuza ng'ombe shambani.

"Panda hukohuko. Usije. Panda."

Nikageuka, nikashika mzizi, yule mdakaji akanivuta kwa nywele. Nilipotazama nyuma hakukuwa na mchanga. Yalikuwa maji tu, ukingo kwa ukingo, na pale aliposimama dada palikuwa panapita mti.

Nimezaa watoto saba na nimezika wawili, na bado sijaogopa tena vile nilivyoogopa hapo. Niliita, na kwa kelele za maji sikuisikia hata sauti yangu. Upande wa pili niliona vichwa vimejazana, vidogo kama mbegu za mbaazi, na sikumwona. Nilimtafuta kwa gauni. Gauni lake lilikuwa la samawati, lakini wote walikuwa wamelowa tope, wote walikuwa rangi moja. Nilijikojolea, naandika ilivyokuwa. Halafu kichwa kimoja kikaanza kutembea kati ya vile vingine, kinagusa bega la huyu, la yule, kinarudi, kinagusa tena. Alikuwa anahesabu. Alipomaliza akageukia mto, akaninyooshea kidole. Nilikuwa wa mwisho kwenye hesabu yake. Nikakaa chini.

Baadaye waliniambia maji yalimkamata magotini na binti ya jirani ndiye aliyemshika gauni na kumtoa. Mdomo kama tarumbeta, lakini mkono haukuachia.

Nililala ng'ambo, kwa mama wa yule mdakaji, na watoto wao wakalala kwetu. Alinipa uji wa mawele na akaniambia bao langu limewapotezea watu mpira. Kesho yake maji yalishuka nikavuka. Susu hakunigusa. Hakumgusa dada pia, na afadhali angempiga. Alimwambia tu, "Wewe ndiye uliyemtuma." Dada hakupiga mpira wa mbele tena. Baadaye hakucheza kabisa. Aliolewa karibu, mahali unaweza kuona moshi wa jikoni kwa mama.

Na hilo ndilo tulilobishania mpaka tukawa mabibi wasio na meno. Kila nilipoenda kumtembelea tulilianza tukiwa bado hatujamaliza chai. Yeye alisema ile pasi nusura iniue, na laiti angeuzuia mpira kama siku zote. Mimi nilimwambia, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, ungeuzuia ningekuwa katikati ya mto nimesimama nakulilia, na ningepita na ule mti. Ile pasi ndiyo iliyonifikisha ukingoni. Alikuwa anatikisa kichwa. Hakukubali hata mara moja, na mimi pia sikukubali.

Nilimsimulia mjukuu yote haya jikoni, nikidhani sasa atajua la kufanya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kitu alichouliza ni kama lile bao lilihesabiwa. Nikamwambia watu wa ng'ambo walilikataa, walisema wachezaji walikuwa wameshatoka uwanjani. Akasema huo ni wizi. Akarudi kwenye vitabu vyake, na mimi nikabaki na sufuria.

Dada tulimzika mwaka jana. Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, nilijitoa nikashuka peke yangu kuuona mto. Mchanga haupo. Malori yameubeba wote, umeenda kujenga maghorofa ya watu wengine, na kilichobaki ni mwamba mtupu na mashimo yenye maji ya kijani. Hakuna kisima, hakuna miiba, hakuna nyayo za mtoto hata mmoja. Siku hizi maji yanatoka kwa bomba, yakitoka. Mbingu ilikuwa safi na vilima vilikuwa vyeupe kwa jua. Nilitaka kushuka, nisimame tu pale katikati alipokuwa amesimama. Nikaweka fimbo chini ya ukingo, mguu ukakataa. Nikasimama hapo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikingoja mtu aniambie kama naweza kushuka. Nilingoja sana. Halafu nikapanda kurudi kwa watu.