Ghati na kitanda kisicholaliwa

Saa mbili kasoro asubuhi ukungu haujaondoka kwenye migomba, na wodi ya wanawake ya kituo hiki cha afya, upande wa Kibondo, iko kimya mno kwa wodi yenye watu wanane. Kitanda namba sita, cha mwisho ukutani, ni kitupu. Shuka lake limenyooshwa vizuri. Hatua mbili kutoka hapo wanawake wawili wamelala sakafuni, kwenye mkeka mmoja.

Ghati anavuta benchi, anakaa jirani na kitanda hicho na kufungua daftari lake. Mwandishi wa makala haya alikaribishwa akae kitandani. Alishukuru, akabaki amesimama.

Ghati (54) ni muuguzi mzaliwa wa Tarime, aliyeletwa Kigoma kikazi miaka ishirini na sita iliyopita. Siku hizi anakagua usalama wa wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya kumi na tisa vya Kibondo na Kasulu. Anasafiri kwa bodaboda, mvua au vumbi, kutazama kama mtu aliyekuja kutibiwa anaweza kuumizwa na mahali penyewe.

Daftari la matukio la kituo hiki, ambacho hatutakitaja, halina hata mstari mmoja. Kwa mujibu wake, mwaka mzima hakuna aliyekosea.

Wanawake wa hapa wanasema vingine. Wagonjwa wawili wazee walizimika ghafla kwenye namba sita, na mmoja hakuamka. Tangu Machi hakuna anayekilalia. Wiki iliyopita akazimika mwingine kwenye namba tano, na minong'ono ikaanza kwamba mkosi wa namba sita umehamia kitanda cha jirani. Wajawazito wawili wamekwisha kujifungulia nyumbani kwa woga.

"Mimi wodi yenye hadithi siiogopi," anasema Ghati. "Naogopa daftari jeupe."

Hakagui kwa kuanzia ofisini. Anakaa tu wodini, anatazama.

Saa tatu analetwa kwa baiskeli bibi mmoja anayetetemeka kwa homa. Nadine, msichana mwenye kisukari aliyelazwa namba tano usiku bila kujua habari za kitanda hicho, anateremka na kumpisha. Hakuna aliyemwambia ampishe. Baridi ya huku juu ni kali, na kijana hawezi kulala ukutani mzee akapigwa na upepo wa mlangoni. Nadine anakwenda kubanana na mgonjwa wa namba mbili, karibu na mlango. Karatasi yake ya matibabu inabaki kwenye msumari, juu ya namba tano.

Felisiani, muuguzi wa zamu, yuko peke yake kwa wagonjwa wote tisa. Anaingia na trei, anasoma karatasi ya namba tano, anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Anamwambia bibi kwamba atamchoma kidogo. Bibi anakubali kwa kichwa na kupandisha mkono wa gauni, kwani mzee wa huku habishani na daktari.

Ni sindano ya kushusha sukari, na bibi hana kisukari.

Ghati anasimama na kumshika Felisiani kifundo cha mkono. "Muulize jina," anasema.

Anaitwa Ernesta. Felisiani anaangalia karatasi, anamwangalia bibi, kisha anairudisha sindano kwenye trei. Anakaa kwenye kitanda namba sita, mtu wa kwanza kukikalia tangu Machi.

"Tulikuta inafanyika hivi," anasema kwa sauti ndogo. "Karatasi ni ya kitanda, si ya mtu."

Anauliza kama ataandikwa. Ghati anamjibu kwamba ndiyo, na kwamba ataandika pia kuwa muuguzi alikuwa mmoja kwa watu tisa. Kisha anaziondoa karatasi zote misumarini na kumpa kila mgonjwa ya kwake, akimuuliza jina kwanza.

Nje, akinawa mikono, anaulizwa alijuaje.

Katika mwaka wake wa tatu kazini, upande wa Kakonko, alimchoma bibi mmoja wa kitanda cha ukutani sindano ya namna hiyohiyo. Alfajiri bibi alikuwa amekufa. Kulipokucha, mwanamke kijana aliyelala mlangoni alimwita.

"Akaniambia, 'Sista, mimi jana sijachomwa,'" anasimulia Ghati. "Hapo nikajua. Sikusema kitu."

Kijana huyo, Immakulata, alikwenda kwao kwa miguu yake. Lakini kitabu cha wodi kilijazwa kutoka kwenye karatasi ya kitanda, na kinasema Immakulata ndiye aliyekufa. Ghati hakukisahihisha, maana kusahihisha kungekuwa kukiri. Mwaka jana alimtafuta, akamkuta akipalilia mihogo Gwarama. Immakulata alimkumbuka bibi aliyempisha, lakini jina hakulijua. Wodi nzima ilimwita bibi tu, kwa heshima.

Ndugu walioibeba maiti kwa machela hawakuandika popote walikotoka. Ghati anahisi ni vijiji vya njia ya Nyabibuye. Amebakiza miaka sita kustaafu, na kila likizo anakwenda huko, kijiji baada ya kijiji, akiuliza ni akina nani waliompoteza bibi yao hospitali mwaka ule.

"Nikiwapata, nitawauliza kwanza alikuwa anaitwa nani," anasema. "Wakishanitajia, ndipo nitawaambia mimi ni nani."