Na Kinga Yangu, Kutoka Mulongwe Hadi Kwenye Miwa

Niliacha kupanda pikipiki siku motari wangu alipogeuza kichwa nyuma kunisimulia harusi ya dada yake, wakati tunapita katikati ya lori na kundi la ng'ombe. Hatukufa. Tulimwangukia ng'ombe mmoja, naye akatutazama kama mtu aliyezoea kuangukiwa na wajinga. Jioni ile nilimwambia baba kwamba kuanzia sasa nitakwenda kazini kwa baiskeli ya kaka yangu, iliyokuwa ikining'inia ukutani tangu kaka ahamie Bukavu.

Baba yangu ni Mzee Ramazani, muuza vitambaa wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira. Wazee wake walifika kwenye ziwa hili na misafara ya biashara, kwa miguu, kutoka mbali sana, na yeye hutukumbusha habari hiyo kila tunapomwomba nauli. Lakini niliposema baiskeli, kinga kama tunavyoiita kwetu, aliweka kikombe chake chini.

"Mwavita, mwanamke kwa kinga? Bantu batasema nini?"

"Batasema Mwavita amefika kazini, baba."

"Batasema Ramazani amefilisika."

Mimi ni muuguzi. Kituo chetu cha afya kiko kando ya mashamba ya miwa, mbele ya Kiliba, kaskazini mwa Uvira. Friji ya kituo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo siku za chanjo mmoja wetu lazima achukue dawa mjini ndani ya boksi lenye barafu. Mkuu wetu, ambaye kila mtu anamwita Titileri, ana pikipiki ya kazi. Alisema boksi linaiharibia pikipiki usawa wake. Basi boksi likawa la mwenye baiskeli. Nawasimulia safari ya siku moja tu ya chanjo, hasa ninyi mnaoipita barabara hiyo ndani ya gari mkiwa mmefunga vioo.

Mulongwe, asubuhi. Nililifunga boksi nyuma ya kiti kwa mipira ya tairi la ndani, nikavaa suruali, na juu yake kitenge, ili kila upande wa familia upate chake. Kitenge hicho kilikuwa hatari yangu ya kwanza. Kabla sijafika sokoni mnyororo ulikuwa umekidaka na kukitafuna, nikasimama katikati ya barabara nimefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Wauza mihogo walifurahi sana.

"Mwavita, kinga inakula nguo! Uliipatia chakula?"

Nilikata kipande cha kitenge kwa mkasi wa kazi, nikawapungia nacho, nikaendelea. Nyuma yangu nilisikia mmoja akisema kwamba hata bwana hatapatikana sasa. Mwanamke yule ana bwana. Ndiye anayemfanya aje sokoni kabla ya jogoo, ili apumzike mbali naye.

Kavimvira. Hapa ziwa lilipanda miaka ile ya mafuriko, likaingia majumbani bila kubisha hodi, na sehemu fulani ya barabara bado ni maji na matope. Mwenye baiskeli hushuka, huvua viatu na kuibeba baiskeli begani. Siku hiyo sikuwahi kuvua. Pikipiki, basi dogo, malori na jeep moja nyeusi ya mtu mkubwa vyote vilikuwa vimesimama kimya, maana kiboko alikuwa amesimama barabarani.

Alikuwa ametoka kula majani ya watu usiku, na sasa alikuwa akifikiria njia ya kurudi majini. Dereva wa jeep alipiga honi mara moja. Kiboko akageuza kichwa. Dereva hakupiga tena. Nimepita barabara hiyo mwaka mzima, na sijaona mwingine anayepewa njia na watu wote namna ile, na wala hana cheo, hana karatasi, hana mtu wa kumfungulia mlango. Mtu mkubwa alishusha kioo akatuuliza sisi wa chini:

"Huyu iko anatoka saa ngapi?"

"Mukubwa, umuulize yeye mwenyewe," akajibu motari mmoja.

Kiboko alipoondoka, jeep ilitupita kwanza na kuturushia matope, ili tukumbuke kwamba kiboko amekwenda.

Kwenye kizuizi cha kutoka mjini. Pale huwa kuna kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, na nyuma ya kamba kuna watu ambao sijawahi kuelewa ni wa idara gani. Malori huongea nao kwa mkono, mkono ukitoka dirishani umekunjwa na kurudi umekunjuka. Mimi kwa kawaida hupita chini ya kamba nikiinamisha kichwa. Siku ile mtu mpya, mwenye miwani ya jua na koti zito lisilofaa kwa joto letu, alikanyaga gurudumu langu kwa kiatu.

"Mama, simama! Hiyo kinga ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yako? Bwana yako iko wapi?"

"Minye siko na bwana. Niko na kinga."

Wenzake wakacheka, na hapo nikajua nimekosea, kwa sababu mtu wa kizuizi akichekwa lazima mtu alipe. Akaamuru baiskeli iegeshwe juani. Akazunguka boksi.

"Ndani kuko nini?"

"Dawa ya kuchoma batoto. Iko na barafu. Tafadhali, papa, jua linaiharibu."

"Fungua tuone."

Nilimwambia nikifungua baridi itatoka. Akasema basi tutangoja hapo mpaka nitakapopata akili. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, kivulini. Boksi lilibaki juani, nami nikasimama mbele yake nikijaribu kulifanyia kivuli kwa mwili wangu, ambao si mpana. Niliwafikiria akina mama waliokwisha kuanza kushuka kutoka milima ya Rurambo na watoto mgongoni tangu alfajiri. Mama wa mlimani akishuka mara moja akakuta hakuna dawa, hashuki tena. Nilitaka kulia, lakini kulia mbele ya mtu yule kungekuwa kumlipa.

Nikachukua mfuko wangu, nikatoa sindano mpya, nikaichana karatasi yake pole pole.

"Sawa, papa. Nafungua. Lakini hii dawa ikishafunguliwa, sheria inasema lazima ichomwe hapo hapo. Nani anaanza? Weye njo mukubwa wa hapa. Toa koti."

Sheria hiyo haipo popote. Mtu yule alitazama sindano, akatazama wenzake. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alimwambia: "Toa koti, shefu, usiogope!" Na madereva waliokuwa wakingoja wakaanza kumhimiza pia, wakimpigia makofi kama bwana harusi. Akasimama ghafla.

"Pita! Pita na uchawi wako!"

Kamba haikushushwa. Nilipita chini yake, kama kawaida yangu.

Kwenye tambarare. Ukitoka mji, milima inabaki kushoto, jua linapanda kulia kutoka upande wa Burundi, na mbele yako uwanda wote wa Ruzizi umetandikwa. Ni pazuri, nasema kweli, ila mwendesha baiskeli hapati muda wa kupaona. Macho yake yako kwenye mashimo, na masikio yake yako nyuma. Unajifunza kutambua magari kwa sauti: basi dogo linalia kama mtu mwenye kikohozi, pikipiki inapiga kelele kuliko ukubwa wake, na Fuso haipigi honi mpaka ikufikie mgongoni, maana dereva anaona honi ni ya kukuarifu kwamba umekwisha kugongwa.

Ile Fuso ilitoka nyuma yangu imebeba saruji, na juu ya saruji watu, na juu ya watu kuku. Barabara ilikuwa tupu upande wa pili. Dereva hakutaka upande wa pili, alitaka wangu. Honi ilinipasua masikio, nikakata kulia, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji, na mimi nikalifuata. Nikiwa chini nilimsikia kijana wa juu ya saruji akipaza sauti:

"Mama, rudi jikoni!"

Hawakusimama. Nilikaa kwenye matope, magoti yanatoka damu. Hapo ndipo nilipolia, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Au nilidhani hapakuwa na mtu.

"Dada, pole. Umeumia?"

Alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Alijitambulisha kuwa Mama Furaha, mkulima wa mihogo wa hapo karibu. Alikuwa akienda kituoni kwetu kumchanja huyo huyo Furaha.

"Magoti tu," nikasema. "Lakini angalia kinga."

Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Mama Furaha hakulijali. Alitazama boksi, ambalo kila mama wa huko analijua.

"Na dawa?"

Tukafungua kidogo tu. Barafu ilikuwa imeanza kuwa maji, lakini vichupa vilikuwa baridi mkononi. Akafunga mwenyewe, akakunja kitambaa chake cha kichwa kuwa ngata, akaliweka boksi kichwani.

"Minye nabeba boksi, weye beba kinga. Jembe litabaki hapa. Halina miguu."

Tukaenda hivyo: yeye mbele, mtoto na boksi, wala hayumbi, mimi nyuma, chombo cha kunibeba nimekibeba mimi. Magari yalitupita. Kila lililopita lilikuwa na maoni, na halikuwa na nafasi.

Kituoni. Tulikuta akina mama wamesimama uani, wengine wakijifunga watoto mgongoni tayari kuondoka. Titileri alikuwa mlangoni, shati jeupe, akiwaeleza kwamba chanjo ya leo imeshindikana kwa sababu ya "uzembe wa usafiri". Akaniona na matope yangu.

"Mwavita! Niliwaambia bantu: mwanamke na kinga, hakuna kazi hapo."

Mama Furaha ndiye aliyejibu, boksi bado likiwa kichwani.

"Weye, dokta, ulikuja na nini leo?"

"Na moto," akasema, akiionyesha pikipiki yake. "Kwa nini?"

"Hiyo moto ilibeba nini?"

Mwanamke mmoja wa Rurambo, aliyekuwa amekwisha kumfunga mwanawe mgongoni, akamfungua na kuketi chini tena. Wa pili akaketi. Titileri akakumbuka kwamba ana kazi ya kupanga makopo kwenye kabati, akaenda kuyapanga.

Nilinawa, nikakagua alama ya kila kichupa, ile inayobadilika rangi dawa ikipata joto. Zote zilikuwa bado nzuri. Furaha alichomwa wa kwanza, akapiga kelele za kufaa kuwekwa mbele ya Fuso badala ya honi. Tulichanja mpaka uani pakabaki kuku tu.

Kurudi. Fundi wa pale kijijini alilinyoosha gurudumu kwa kulikanyaga juu ya jiwe, akaniambia litaenda, "lakini litacheza kidogo". Lilicheza rumba mpaka Uvira. Tena upepo: asubuhi hutoka kaskazini na kunipiga usoni, mchana hugeuka na kutoka ziwani, unipige usoni. Kuna anayedhani kwamba kati ya kwenda na kurudi, safari moja itakuwa rahisi. Huyo hajapanda baiskeli.

Kavimvira tena, jua likiwa bado juu ya milima. Nilikuwa nimeibeba baiskeli kuvuka matope wakati mwanamke mmoja mnene alipotua beseni lake la ndagala na kunisubiri ng'ambo. Jina lake Zaina. Kila siku anatembea na samaki hao kichwani hadi vijiji vya miwa, kwa sababu motari hawataki kumpakia. Wanasema ndagala zinanuka. Kula wanazila.

"Dada, nakuona kila siku unapita," akasema. "Unifundishe hiyo kinga."

"Leo? Tazama magoti yangu."

"Magoti ni yako. Minye naomba kinga."

Tulikwenda kwenye kinjia cha mchanga kinachoteremka kuelekea ziwani. Nikashika kiti kwa nyuma, yeye akapanda, baiskeli ikalia kwa uchungu. Alianguka kushoto. Akaanguka kulia. Wanaume waliokuwa wamekaa kando wakingoja pikipiki za kuwapeleka mjini walikusanyika na kutupa ushauri mwingi, kila mmoja mtaalamu. Mara ya tatu nilikimbia naye, nikaachia, na Zaina akaenda! Akaenda wima, kitenge kinapepea, akipiga vigelegele, akateremka mbio zaidi na zaidi. Hapo nikakumbuka kitu: breki.

"Frein!" nikapiga kelele. "Shika frein!"

"Iko wapi?"

Ziwa lilimpokea mpaka kiunoni. Wale wanaume walicheka wakashikana mabega. Nikawatazama, na kama mnataka kujua safari ilinifunza nini, nilijifunza pale: nimechekwa sokoni, barabarani na kazini, na karibu kila mara anayenicheka amesimama anangoja kubebwa.

Zaina alitoka majini akiikokota baiskeli, maji yakimchuruzika.

"Kesho," nikamwambia, "tutaanza na frein."

"Kesho ya nini?" Alikuwa amekwisha kuigeuza baiskeli kuelekea juu. "Shika nyuma, dada."

Akapanda.