Mkwaju Nilioufuta

Juzi nimepita Tandika, nikamkuta binti kibandani anaandika tangazo kwenye simu. Akagusa mara moja tu, maneno yakakolea meusi tii. Nilisonya, wallahi. Sie tulikolezaga maneno kwa jasho!

Unazikumbuka zile kompyuta zenye kisogo? Mtaa mzima tulikuwa nayo moja, ya jirani yetu mwalimu. Jumamosi alitufundisha kutengeneza ukurasa wa intaneti, wa salamu kwa ndugu walioko ng'ambo. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tuliandika kwanza kwa penseli kwenye daftari. Ukitaka neno likolee, unalitangulizia herufi b ndani ya mabano. Likiisha, unaweka b nyingine yenye mkwaju, kile kistari cha mshazari, kufunga. "Usipofunga, yanakolea yote mpaka chini!" mwalimu alituimbia kila wiki, huku harufu ya vitumbua vya bibi ikituvuruga akili.

Daftari safi kuliko yote ndilo lililochapwa. Safari hiyo ilikuwa salamu ya bibi kwa mjomba, aliyekwenda Uarabuni akanyamaza miaka. Neno la kukolezwa lilikuwa moja tu, la mwanzo kabisa: Mwanangu. Nilitaka mno mkono wangu ndio umfikie mjomba. Mwalimu akachagua daftari la dada, mtoto wa mama mkubwa. Bibi naye akampa kitumbua cha ziada, mbele yangu!

Roho iliniuma, sikufichi. Dada alipotoka kunawa, nikachukua ufutio, nikafuta mkwaju wake.

Mwalimu alichapa vilevile kama ilivyoandikwa, akahifadhi kwenye disketi, umeme ukakatika. Akaipeleka mjini ikarushwe kwenye intaneti, bila kuikagua.

Miezi ikapita. Siku moja tunachagua mchele uani, tukasikia hodi. Mjomba! Bibi aliangusha ungo. Alipotulia akamuuliza kilichomrudisha.

"Rafiki yangu alinionyesha salamu yako, mama. Yote imekolea, mpaka neno la mwisho. Nikasema, mama hajawahi kuniita kwa nguvu namna hii. Nikakata tiketi."

Bibi akaushika mkono wa dada, akaubusu. "Mkono huu ndio ulionirudishia mwanangu." Dada hakuelewa kitu, lakini akapewa kanga mpya, doti nzima. Mie nikaendelea kuokota mchele mchangani.

Mwalimu alishahama, uani pale sasa pana fremu za maduka. Kanga dada anayo bado, imepauka, na kila akijifunga naumia upya. Nilitaka mkono wangu umfikie mjomba. Ulimfikia, na bibi amekufa hajui.