Mashati Tisa Yaliyorudishwa

Mwalimu huyu wa ushonaji hapimi mshono kwa macho. Anaushika kati ya vidole gumba viwili, anauvuta mara moja, kisha anatulia kidogo kama mtu aliyebisha hodi. Mshono mzuri hunyamaza. Mbaya hulia, uzi mmojammoja, na hapo mwalimu huiweka nguo mezani na kutamka neno moja tu: "Fumua." Kwa miaka ishirini na sita amelitamka mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wa chuo cha ufundi wamelifanya jina lake. Mwalimu Fumua. Yeye hujifanya hajui.

Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa chuo aliwaita walimu wa vitendo ofisini kwake akawatangazia kwamba alama zote za mazoezi sasa zitaingizwa kwenye darasa la mtandaoni. Mwanafunzi ataipiga picha kazi yake na kuipakia, mwalimu ataisahihisha humohumo.

"Tena ni bure," alisema mkuu.

"Bure kwa nani?" aliuliza Mwalimu Fumua.

"Kwa chuo."

"Ahaa."

Chumba cha ushonaji kina cherehani kumi na moja, mbili kati yake mbovu, na dirisha moja kubwa. Mtandao wa chuo hauingii humo. Unashika vizuri mahali pamoja tu, nje ya mlango wa choo cha wafanyakazi, na kwa wiki sita wanafunzi walipanga foleni pale wakiwa wameinua simu juu, huku mhasibu akipenya katikati yao kwa haya. Wanafunzi ni ishirini na watatu, lakini darasa la mtandaoni lilikuwa na watu ishirini na saba, kwa sababu wanne walisahau neno la siri wakajifungulia akaunti mpya. Mmoja alijiandikisha kwa jina la Mrembo Asiyechoka. Mwalimu aliuliza darasa zima ni nani huyo. Wote walitazama sakafu, hata wanaume.

Halafu kulikuwa na hizo picha. Haikuchukua siku nyingi wanafunzi kugundua kwamba mfuko uliokaa upande unanyooka ukiinamisha simu kidogo, na kwamba pasi ya moto huficha dhambi nyingi.

"Mwalimu, tazama, mfuko umesimama wima kuliko ukuta," alisema mmoja.

"Picha naiona. Lete shati."

"Lakini picha si ipo?"

"Mteja wako atavaa picha?"

Kwa hiyo aliendelea kusahihisha kama zamani, nguo ikiwa mezani na penseli sikioni, alama zikiingia kwenye daftari lake. Baada ya hapo alipanda ngazi hadi chumba cha kompyuta kuzinakili alama zilezile, moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Mwalimu wa kompyuta, mwanamume mpole wa makamo, alimwambia kwamba teknolojia imekuja kupunguza kazi. Alimjibu kwamba labda imeteremka kituo kingine.

Zoezi la mwisho lilikuwa shati la kiume lenye kola, alama hamsini. Anayepata chini ya ishirini na tano hakai kwenye mtihani wa ufundi, anasubiri mwaka mzima. Ijumaa saa nne asubuhi msahihishaji wa nje angefika kulinganisha kila shati na picha yake na alama yake, na shati lisilokamilika huhesabiwa sifuri. Saa sita kamili darasa la mtandaoni lingejifunga lenyewe. Mambo hayo aliyabandika mlangoni kwa herufi kubwa.

Jumanne mchana alimaliza kuingiza alama. Aliyefaulu chini kabisa alikuwa na ishirini na nane. Aliyeongoza alikuwa na arobaini na saba: mama wa watoto wawili, mkubwa kuliko wenzake wote, ambaye kola zake zililala shingoni kama zimechorwa, ndiyo maana wenzake walimwita Kola.

"Sasa wanafunzi wanazionaje?" Mwalimu Fumua alimuuliza mwalimu wa kompyuta.

"Bonyeza hapo, Rudisha."

"Zirudi kwangu au kwao?"

"Kwao, mama. Ukibonyeza tu, kila mtu anapata ujumbe."

Alibonyeza mara ishirini na tatu, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Jumatano asubuhi alimkuta Kola kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mapajani mwake kulikuwa na vipande vya kitambaa cheupe, na nyuzi fupi zilikuwa zimetapakaa miguuni. Kola ya shati peke yake. Mikono peke yake. Kiwiliwili peke yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hilo ni shati gani?"

"Langu, mwalimu. Lile ulilorudisha."

Mwalimu aliuweka mkoba chini taratibu. "Nililorudisha wapi?"

Kola alimpa simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Mwalimu amerudisha kazi yako.* Alama yenyewe ilikuwa chini zaidi, mahali ambapo mtu hafiki asiposukuma kidole.

Hapa inabidi msomaji asiye fundi aelezwe. Kwenye ushonaji, kazi iliyorudi ni kazi iliyokataliwa. Mteja karudisha suruali, mteja karudisha gauni: hakuna maana nyingine. Na mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha, tangu wiki ya kwanza, kwamba kazi ikirudi usibishane, usiulize maswali, shika wembe kwanza.

"Ulifumua hata mikono?" aliuliza mwalimu.

"Nilianza na kola. Nikatafuta kosa, sikuliona. Nikaenda mikononi, sikuliona. Nikasema basi, kosa ni kubwa kuliko akili yangu."

Waliofumua walikuwa tisa. Wengine kumi na wanne walisalimika kwa sababu hawakuwa na bando la intaneti, na ujumbe haukuwafikia. Mmoja wao, kijana mwenye mdomo, alisema kwa sauti kwamba leo umaskini umemwokoa, na darasa likacheka mpaka mwalimu alipogeuka.

Alipanda kwa mkuu akiwa bado na tepu shingoni.

"Tunaomba mpaka Jumatatu."

"Mfumo unajifunga wenyewe, mwalimu. Sina ufunguo."

"Basi mpigie mwenye nao."

"Hana simu. Ni huduma ya bure." Mkuu alikuna kichwa. "Kwani neno rudisha lina ugumu gani? Kila mtu anajua kurudisha."

"Mimi nikikurudishia hilo koti ulilovaa, utafurahi?"

Mkuu alilitazama koti lake. Lilikuwa limeshonwa katika chumba cha ushonaji, miaka mitatu iliyopita, na mkono wa kushoto uliwahi kurudi mara mbili. Alichoweza kutoa ni ruhusa ya wale tisa kuacha vipindi vingine na kutumia cherehani zote.

Kwa wasiojua, kufumua na kushona upya kunaonekana jambo la kurudia tu. Lakini kitambaa hakisahau sindano. Pamba nyepesi ikishatobolewa, matundu hubaki yamejipanga kama sisimizi, na ukishona pembeni yake kola inapungua na shingo inabana. Wanane walikuwa wamefumua kola peke yake. Walikata nyingine kwenye masalio ya kitambaa, na kufikia Alhamisi jioni walikuwa wamemaliza, kila mmoja na shati baya kidogo kuliko la kwanza. Kola hakuwa na masalio, ikabidi aunge upya vipande vilevile vilivyotoboka. Siku zote alikata kwa kubana sana, kitambaa kisipotee, na mwalimu alikuwa akimsifu kwa hilo mbele ya darasa.

Ijumaa saa nne msahihishaji wa nje aliingia, mwanamke mwembamba mwenye miwani na rula ya chuma. Alianza na majina ya juu kwenye orodha. Kola alikuwa wa kumi na tisa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshakaa, wa kushoto ulikuwa bado chini ya sindano, na mguu wake ulikanyaga cherehani bila kupumzika huku macho yote ya chumba yakijitahidi kutomtazama. Msahihishaji alipofika kwa wa kumi na saba, uzi wa chini ulikatika. Mwalimu alisogea, akambadilishia bobini ya uzi, akarudi mahali pake.

Wa kumi na tisa alipoitwa, shati lilifika mezani likiwa na joto la mkono.

Msahihishaji alilitandaza, akaitazama picha aliyokuja ameihifadhi kwenye simu yake, akalitazama shati tena.

"Mwalimu, hapa pameandikwa arobaini na saba."

"Najua."

"Kola ina matundu. Bega la kushoto limejikunja."

"Lilikuwa shati zuri mpaka Jumanne," alisema Mwalimu Fumua, na akaeleza yote, bila kutia chumvi, kuanzia kitufe hadi wembe. Msahihishaji alisikiliza hadi mwisho. Akakiri kwamba picha ni nzuri sana.

"Lakini mimi nimetumwa kupima kilichopo mezani," alisema. "Nadhani hata wewe ndivyo unavyofanya."

Mwalimu aliushika mshono wa bega la kushoto, akauvuta. Ukalia. Wakakubaliana ishirini na sita.

Saa tano na nusu mwalimu alikuwa juu, kwenye chumba cha kompyuta, akifuta arobaini na saba kwa kidole kimoja. Kola alikuwa amemfuata, amesimama nyuma ya kiti chake. Mtihani atafanya. Alilisema hilo mara mbili, kama anayemfariji mwalimu.

"Mwalimu, niulize kitu?"

"Uliza."

"Ile arobaini na saba. Alama tatu nilizikosa wapi?"

Mwalimu alifungua daftari lake la penseli, akatafuta mstari wake. "Pindo la chini. Upande wa kushoto, mishono miwili imeruka."

Kola alilichukua shati, akaligeuza, akalitafuta pindo kwa vidole mpaka akapafikia mahali penyewe. Mishono miwili ilikuwa imeruka.

"Pindo sikulifumua," alisema.