Filamu ya Sista Nora

Watu wa televisheni walipotoka Ayalandi kuja Maskati kutengeneza filamu ya maisha ya marehemu Sista Nora, muuguzi wa kwao aliyetumikia huku miaka ya sabini, walimtafuta Bi Afra mpaka wakampata kwake Al Khoudh. Kati ya waliofanya kazi na Sista zahanatini, kasalia yeye tu. Alikuja kutoka Unguja bado msichana, akafunzwa ukunga, akazunguka na Sista milima yote ya Amerat. Sista hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Wanawake wenye uchungu walimshika mkono Afra.

Mjukuu wake Raghad, anayesoma chuo kikuu, akawa mkalimani. Mgeni akauliza: ile siku wadi, lile bonde la mto mkavu, lilipofurika, nani alimzalisha yule mtoto aliyetanguliza miguu?

Siku ile Sista alikwama ng'ambo ya maji. Aliyemtoa mtoto, akampulizia pumzi mpaka akalia, ni Afra peke yake, na miaka yake ishirini na miwili. Lakini mtu hajisifu kwa jema alilolifanya, thawabu zikaingia doa. Ndivyo alivyolelewa. Kwao ukijishusha, wenzako ndio wanaokuinua: "Aa, Bi Afra, usiseme hivyo, sote tunakujua!"

"Mungu ndiye aliyemtoa," akajibu. "Mie n'likuwa mbeba mkoba wa Sista tu."

Raghad akatafsiri neno kwa neno. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika, akapita kwenye swali jengine.

Siku ya filamu kuonyeshwa, Bi Afra alipika, akaalika watu. Nasr, yule mtoto wa wadi, sasa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akaja na halwa. Mamake alifariki yeye angali mchanga, hakuwahi kumsimulia lolote. Wakakiona kijiji cha Sista: kuta za mawe, kondoo, mvua haikatiki, na wazee wa kwao wakimsifu bila haya, huku wakipiga meza. Kisha Maskati. Sauti ikaeleza, Raghad akitafsiri, jinsi Sista Nora alivyovuka maji akamwokoa mtoto. Bi Afra akatokea kidogo, anamimina kahawa, anasema alikuwa mbeba mkoba wa Sista tu, na maandishi chini yake. Raghad akawasomea: "Afra, mbeba mkoba."

"Kumbe!" Nasr akapiga makofi. "Mwenzenu nimezaliwa mikononi mwa Mwairishi! Ndiyo maana joto la hapa siliwezi!"

Wakacheka. Bi Afra hakucheka. Kwa mara ya kwanza katika umri wake akalisema:

"Nasr, ni mie n'liyekuzalisha."

Nasr akamtazama kwa huruma.

"Mama Afra, nawe leo? Si umesema mwenyewe hapo, sote tumekusikia. Maskini, marehemu haonewi wivu."

"Bibi, mie nilitafsiri ulivyosema," Raghad akanong'ona.

"Najua, mwanangu. Ulitafsiri sawa."

Nasr akatoa simu, akaanza kuwaandikia jamaa za Sista salamu za shukrani, akamwuliza Raghad jina la kile kijiji linaandikwaje. Bi Afra akainuka, akakusanya sahani.